"Ni mvuke wa tufaha tu, mama"

Shangazi, mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Juzi jirani alinionyesha stetasi ya mwanangu ya WhatsApp: yuko kwenye bethidei ya mwenzake, anavuta shisha na kupuliza pete za moshi, wenzake wanamshangilia. Nilipombana akasema huo ni mvuke wa tufaha tu, na kila mtu anavuta. Kaka yangu tunayeishi naye anataka nimpokonye simu, kisha yeye amcharaze bakora. Mwenyewe huvuta sigara barazani kila jioni. Nifanyeje?
Mama wa Chumbageni, Tanga

Mama, tuanze na hilo tufaha, maana hapo ndipo alipodanganywa. Shisha kwa kawaida ni tumbaku iliyolowekwa kwenye molasi na kutiwa ladha ya matunda, kisha juu yake huwekwa mkaa. Mkaa huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Maji ya kwenye chupa huupoza moshi, hayausafishi. Kwa kuwa umepoa na unanukia, haukwarui koo, basi mtoto huuvuta hadi ndani na kukaa nao. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa kikao cha saa moja humwingizia mvutaji moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Na mpira wa kuvutia hupita mdomo kwa mdomo. Kifua kikuu nacho husafiri humo. Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, alipiga marufuku shisha nchini mwaka 2016. Nadhani wenye bethidei hawakupata habari.

Lakini neno lililonishtua mimi ni hilo la "kila mtu anavuta". Asiyevuta hajirekodi akiwa havuti. Simu inamletea mwanao wavutaji watano kila siku. Wenzake wote waliobaki nyumbani hawaoni, naye anadhani yuko nyuma peke yake.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walipotazamwa na wenzao, walijihatarisha zaidi sana kuliko walipocheza peke yao. Watu wazima wa miaka 24 na kuendelea hawakubadilika sana. Kwa hiyo irudie ile klipu, ila safari hii usimtazame mwanao. Watazame wanaoshangilia. Zamani kundi kama hilo lilitawanyika magharibi, kila mtu akaenda kwao. Siku hizi linamfuata mtoto hadi kitandani.

Ukimpokonya simu ataazima ya mwenzake, nawe utakuwa umeziba dirisha ulilomwonea. Afadhali simu zote zilale sebuleni usiku, na yako ikiwemo. Mketishe mkiwa wawili, bila mjomba. Muulize nani alirekodi, na baada ya kuiweka alijisikiaje. Kisha mwambie ahesabu, mmoja mmoja kwa jina, wanafunzi wa darasa lake aliowaona kwa macho yake wakivuta. Mwache ahesabu mwenyewe, usimsaidie.

Mpe na kisingizio. Kijana anaona aibu kusema "sitaki", ila haoni aibu kusema "mama hunisogelea na kuninusa kila nikirudi". Kubali kuwa huyo mama mkorofi. Klipu aifute kwa mkono wake. Ukiona hatulii bila kuvuta, au anakohoa kwa muda mrefu, mpeleke kituo cha afya, na umweleze daktari ukweli wote mbele yake.

Kaka yako je? Kijana huyo aliona moshi barazani kwenu kabla hajamiliki simu. Bakora aiweke chini, na pakiti ya sigara aiweke papo hapo. Akikasirika, mwambie nimesema mimi.