Msitu Kubebeshwa Jina la Vita: Kaya za Wadigo na Ghasia za Mwaka 1997

Makala haya yanajadili uharibifu wa mazingira unaotokana na uasi wa kutumia silaha katika jamii za mashambani, kwa kurejelea misitu ya kaya ya Wadigo huko Kwale. Aghalabu uharibifu wa aina hii hupimwa kwa miti iliyokatwa au kuchomwa. Mara nyingine ndivyo inavyostahiki: mwaka 1953 wakoloni Waingereza waliutangaza msitu wa Aberdare kuwa eneo marufuku, na ndege zikaudondoshea mabomu ili kuwamaliza wapiganaji wa Mau Mau. Hali ya Kwale, hata hivyo, haibainiki kwa kuhesabu visiki. Kilichojeruhiwa kwanza ni mwiko, na mwiko ndio uliokuwa ua wa msitu.

Yafaa kueleza dhana yenyewe ya kaya. Katika Kiswahili cha kawaida kaya ni watu wa nyumba moja. Kwa Wamijikenda, kaya ni makao ya kale yaliyojengwa ndani ya msitu, nao msitu ukayazunguka mithili ya ngome. Watu walipohama na kutawanyika, yalibaki makaburi, mahali pa matambiko na fingo, yaani kago lililozikwa ardhini ili kuwalinda wakazi. Tangu hapo msitu ukatunzwa na wazee wa ngambi kwa makatazo: hakikatwi kijiti, halishwi mnyama, haiachwi njia iliyozoeleka. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, wala haruhusiwi kutoka hata na jani. Wapo wasomi wanaouita utaratibu huu ushirikina mtupu. Wangefaa waeleze ni sheria gani nyingine iliyoyahifadhi mabaki ya misitu ya pwani kwa muda mrefu hivyo, ilhali pembeni mwake kila kipande cha ardhi kimekwisha kuwa shamba la minazi au mihogo.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, vijana wenye silaha walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua polisi na kupora bunduki, kisha wakawageukia wakazi wenye asili ya bara. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Damu ilimwagika Likoni na vitongoji vyake, lakini wavamizi wakaitwa wa Kaya Bombo, kwa kuwa katika msitu huo ndimo walimokula kiapo na kufanya mazoezi. Waandaaji hawakuuchagua kwa ajili ya kivuli pekee. Kiapo kinacholiwa kayani huogopwa.

Jina hilo lilikuwa na taathira kubwa. Neno lililomaanisha makao likaanza kuandamana na uvamizi, kiapo na bunduki. Msako wa vikosi vya usalama ukaelekezwa msituni na vijijini, na mzee mwenye ilimu ya mizimu akawa mtu wa kushukiwa. Mzee anayeogopa kuonekana akiingia kayani hafanyi tambiko. Tambiko lisipofanyika, kijana hana la kumtisha. Na kijana huyo, akiwa ameachishwa kazi hotelini kwa kuwa watalii wametoroka, huona boriti na makaa pale ambapo babu yake aliona koma.

Isidhaniwe kwamba lawama yote ni ya bunduki. Sehemu ya Kaya Chale ilijengwa hoteli ya kitalii bila ya uasi wowote. Aidha, serikali yenyewe ilikuwa imeanza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa za Wamijikenda, Kinondo ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Kinondo ilikwisha kufunguliwa kwa wageni mwaka 2001, miaka minne tu baada ya ghasia, wakaelezwa miiko na wenyeji wenyewe. Huko Lamu mambo yalikwenda kinyume. Kufuatia shambulio la Mpeketoni la 2014, operesheni ya Linda Boni iliyoanza Septemba 2015 iliwazuia Waaweer kuingia msituni kurina asali na kuchuma matunda, na hivyo wanaoujua msitu huo zaidi wakatengwa nao.

Kikoneni, upande wa bara wa Msambweni, si mahali ghasia za 1997 zilipoanzia. Hata hivyo, katika eneo hilo vipo vilima vya Mrima na Jombo, vyenye misitu ambayo Wadigo wameitukuza vivyo hivyo, na Mrima una madini ya niobiamu. Leseni ya kuyachimba iliyotolewa mwaka 2013 ilifutwa mwaka huohuo, lakini madini bado yamo ardhini. Mvutano wa namna hiyo unapozuka, anayetazamiwa kuusemea msitu ni mzee wa kaya. Anaposimama barazani mbele ya afisa, mwekezaji na mjukuu wake mwenyewe, uzito wa maneno yake unategemea wanachokisikia anapolitaja neno kaya: makao ya wahenga, au Kaya Bombo.