KOBE KATIKA SHAMBA LA MWENYEWE: KAZI YA MWANABIOLOJIA WA NYANJANI

Wanachama wenzangu wa chama cha Kiswahili, methali tuliyozoea yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini yuko mnyama hapa kwetu Kenya ambaye ukimzibia ufa umemwua. Mnyama huyo ni kobe bapa wa miambani, ambaye wengine humwita kobe chapati. Katika makala haya nitaeleza maisha yake, na jinsi mwanabiolojia anavyomchunguza katika mashamba ya watu. Wenzangu wa kidato cha tatu mtaona kwamba ikolojia tunayoikariri darasani ndiyo hiyo hiyo inayotumika huko nje.

Kobe huyu ni nani?

Kobe wa kawaida ana gamba lililoinuka kama sufuria iliyopinduliwa. Gamba la huyu ni bapa. Urefu wake ni kama sentimita 17, na unene wake ni sentimita chache tu. Tena mifupa ya gamba lake ina nafasi katikati, kwa hivyo hubonyea. Adui akija hajikunyati ndani ya gamba kama wenzake. Yeye hutimua mbio, akajipenyeza katika ufa wa jiwe na kujikaza humo kwa miguu, hata kumtoa ni kazi. Wanaosema kobe hana mbio hawajakutana na huyu!

Wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1903. Huishi Kenya, Tanzania na sehemu ya Zambia peke yake. Hapa kwetu hupatikana katika vilima vya mawe vya nchi kavu, kama vile sehemu za Kitui na Tharaka.

Hatari zake ni tatu. Ya kwanza ni uzazi wake, kwani jike kwa kawaida hutaga yai moja tu kila anapotaga. Ya pili ni biashara, maana watu wa ng'ambo humtaka awe mnyama wa kufugwa nyumbani. Ya tatu ni kuharibiwa kwa makao: miti hukatwa kwa makaa, vichaka husafishwa kwa ukulima, na mawe huvunjwa. Mwaka 2019, huko Geneva, nchi zilizo katika mkataba wa CITES zilimweka katika orodha ya kwanza, yaani ni marufuku kufanya biashara ya kimataifa ya kobe hawa waliotolewa porini.

Kazi yenyewe

Mbuga ina lango na askari, lakini kobe hawa wengi wako nje ya mbuga, katika mashamba ya wenyewe. Hapo kazi huanza na hodi, si na darubini. Mwanabiolojia huenda kwanza kwa mwenye boma:

"Mzee, hujambo? Twaomba ruhusa tutazame mawe yako."

"Mawe? Ati mnatafuta dhahabu?"

"La, mzee. Twatafuta kobe."

Mzee atacheka, lakini atataka kujua mengi. Je, mkimpata mtaninyang'anya shamba? Ni haki yake kuuliza, na mgeni hana budi kumjibu wazi. Asipomwelewesha vizuri, huenda mwenye shamba akaona heri kuwaondoa kobe mapema ili asisumbuliwe.

Akipewa ruhusa, mtafiti hufanya hivi:

1. Hutembea kwa mistari aliyoipanga, akimulika kila ufa kwa tochi. Ufa mtupu pia huandikwa, kwa maana miaka ijayo atataka kujua ni lini kobe walihama au waliingia.

2. Hupima kina na upana wa ufa, na kuandika miti na nyasi zilizo karibu.

3. Kobe akipatikana, hupimwa urefu, unene na uzito upesi upesi. Dume hutambulika kwa mkia mrefu zaidi. Kobe akishtuka huweza kukojoa, na wakati wa kiangazi maji hayo ndiyo akiba yake. Kumshikashika ovyo ni kumdhuru.

4. Hutiwa alama ndogo pembeni mwa gamba, kisha hurudishwa katika ufa ule ule.

5. Mahali penyewe huwa siri. Ramani ikienea, mwindaji naye ataifuata.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bila daftari hili hakuna ajuaye kama kobe wanaongezeka au wanakwisha.

Hesabu ya kobe

Tuchukue mfano wa darasani. Mara ya kwanza umekamata kobe 24, ukawatia alama na kuwaachilia. Umerudi baadaye ukakamata 20, na kati yao 8 wana alama. Zidisha 24 kwa 20, upate 480. Gawanya kwa 8, upate 60. Basi unakisia kwamba kobe wote ni 60.

Lakini jihadhari. Hesabu hii yataka wenye alama wachanganyike na wenzao. Kobe huyu hapendi kuhama jiwe lake. Ukirudia nyufa zile zile tu, utakutana na wale wale wenye alama, na jibu litakuwa dogo kuliko ukweli.

Shamba ni la nani, na kobe ni wa nani?

Hapa ndipo penye ubishi. Shamba ni la mzee, na watoto wake wanahitaji karo. Tukimwambia asikate mti wala asiguse jiwe, tumemtwika mzigo wa taifa zima peke yake. Kwa upande mwingine, Katiba ya 2010, kifungu cha 69, yasema kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na wengine kuhifadhi mazingira. "Kila mtu" si mkulima peke yake. Ni serikali, mtafiti, na hata sisi tunaonunua makaa ya kupikia.

Kwa maoni yangu, njia ipo. Juu ya mwamba jembe halipiti. Mkulima akiacha ukanda wa vichaka kuzunguka mwamba, bado atalima penginepo, na kobe atapata majani ya kula. Na mtafiti anapoajiri wasaidizi, awaajiri vijana wa papo hapo, kwani ndio wanaozijua nyufa zote tangu walipokuwa wakichunga mbuzi. Mwenye kufaidika hulinda.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ufa mtupu huandikwa katika daftari?

2. Kobe 30 walitiwa alama. Mara ya pili walikamatwa 25, na 10 kati yao walikuwa na alama. Kisia idadi yao.

3. Jadilini katika chama: je, mwenye shamba alipwe kwa kuacha mawe yake bila kuvunjwa? Nani alipe?

Jibu la swali la pili: 75.