Jinsi ya Kumtambua na Kumtibu Samaki Mgonjwa

Samaki hana sauti ya kulalamika. Mbuzi akiugua hulia, mtoto akiugua hudeka, lakini samaki hunyamaza kimya mpaka siku utakapomkuta anaelea tumbo juu. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Mfano wangu ni samaki wa dhahabu, yule anayefugwa katika matangi ya vioo majumbani na maabarani. Kabla ya kununua dawa yoyote, mimi hujiuliza maswali matatu.

La kwanza: wanaougua ni wangapi? Ikiwa wote wamebadilika kwa pamoja, wanatweta juu ya maji, na matamvua yao, yaani viungo vya kupumulia, yamekuwa mekundu kupita kawaida, wacha dawa. Shuku maji! Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza isidhuru, lakini katika tangi jipya huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuzaana wakatosha. Anayejaza samaki kumi siku ya kwanza, ati tangi lipendeze, anawachimbia kaburi. Tiba ni kutoa robo ya maji kila siku, kutia mengine, na kupunguza chakula. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hivyo yakae kwanza katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24.

La pili: je, wana madoa? Ukiona chembe nyeupe kama chumvi mwilini na kwenye mapezi, na samaki anajikwaruza kwenye mawe, huo ni ugonjwa wa madoa meupe. Huletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Lo! Jina refu, mdudu mdogo! Yeye hujificha chini ya ngozi ya samaki, na huko dawa haimfikii. Akishakua huanguka, hujishikiza chini ya tangi, kisha hujigawa kuwa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki. Hao wanaoogelea ndio dawa huwaua.

Dawa rahisi ni chumvi, gramu 3 kwa kila lita. Tangi la lita 40 litahitaji gramu 120. Igawe mara tatu, uitie kwa muda wa siku mbili, ikiwa imekwisha kuyeyushwa katika maji. Endelea kwa wiki mbili, na kwenye baridi uzidishe, hata kama madoa yametoweka siku ya nne. Hapa ndipo wengi huteleza, kama mgonjwa wa malaria aachaye vidonge punde tu homa inaposhuka. Kumbe adui yungali chini ya tangi!

La tatu: madoa yako wapi? Yakiwa kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mapezi ya mbele tu, naye samaki anakula vizuri na kuwafukuza wenzake, usimguse. Huyo ni dume aliye tayari kuzalisha. Si mgonjwa, ni bwana harusi!

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Samaki mgeni atengwe katika chombo chake kwa wiki 3 kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Nami nakomea hapo, wanachama wenzangu. Mkipita kando ya tangi msigonge kioo. Simameni mhesabu, mtazame.