Risasi Iendayo Mbali

Mtoto akaaye Kisaka, au mahali po pote katika wilaya za Serengeti na Tarime, hahitaji kuambiwa nyumbu ni mnyama gani. Kila mwaka, yapata mwezi wa Mei na wa Juni, makundi yao huja upande wa mto Grumeti, kisha huendelea kaskazini hata mto Mara. Mababu wa Waikoma, Wangoreme na majirani zao waliwawinda kwa mitego, na kwa mishale iliyopakwa sumu. Mwenye upinde ilimpasa kumkaribia mnyama sana. Alirusha vumbi kidogo hewani ili aone upepo watoka wapi, akatambaa kwa tumbo katika majani, akangoja. Kukaribia ndiko kulikokuwa kazi yake kubwa. Kuvuta upinde kulikuja mwisho.

Bunduki iligeuza mambo hayo, lakini si bunduki zote. Gobore lilishindiliwa baruti kwa mdomo, na tundu la mtutu wake lilikuwa laini. Risasi yake ya mviringo ilitoka ikiyumba, hata mbali kidogo tu hapakuwa na hakika ya shabaha. Baadaye mafundi wa Ulaya walichonga mifereji ndani ya mtutu, nayo yajizungusha kama nyuzi za kamba iliyosokotwa. Risasi ndefu ikipita humo hutoka ikizunguka kama pia ya watoto, na kwa sababu ya kuzunguka haiyumbi. Mwaka 1898 kiwanda cha Mauser cha Ujerumani kilitoa bunduki ambayo umbo lake laigwa hata leo, na mwaka 1912 Holland & Holland wa London walitoa risasi iitwayo .375, ijulikanayo na wawindaji wote wa Afrika. Tangu hapo mtu aliweza kununua dukani bunduki iliyotoka kiwandani vile vile ilivyo, akaenda nayo porini.

Na watu walikuja. Mwaka 1913 Mmarekani mmoja, Stewart Edward White, alitoka Nairobi kwenda kusini kwa miguu, akafika sehemu za kaskazini za Serengeti, akaandika habari zake katika kitabu. Baada yake walifuata wengine, kisha wengine kwa motokaa. Simba waliuawa wengi mno, hata serikali ya Waingereza ikatenga kipande kidogo cha nchi mwaka 1921, kikubwa zaidi mwaka 1929, na mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa.

Sasa tuitazame risasi yenyewe. Risasi ya kawaida ya .375 ina uzito wa gramu 19 hivi, nayo hutoka katika mtutu kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Huo ni zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti, kwa hiyo mnyama aliye mbali hupigwa kabla hajasikia mlio. Hata hivyo risasi haiendi moja kwa moja kama mstari wa rula. Mara itokapo huanza kuanguka, sawasawa na jiwe liachwalo mkononi. Kwa mita 100 huwa imeanguka chini ya mstari wa mtutu kama sentimeta 9; kwa mita 200, karibu sentimeta 40; kwa mita 300, karibu mita 1 nzima. Mwanafunzi apendaye hesabu aone hapa kwamba umbali ukizidi mara tatu, kuanguka huzidi zaidi ya mara tisa, kwa kuwa hewa nayo huipunguza risasi mwendo. Fundi huinua mdomo wa bunduki kidogo kwa kuweka shabaha yake ili kufidia. Lakini fidia ya mita 150 haitoshi kwa mita 300, na mwindaji aliyekosea kukadiria umbali hupiga chini au juu.

Tena uko upepo. Upepo wa ubavuni wa kadiri tu waweza kuisogeza risasi zaidi ya upana wa kiganja kabla haijafika mita 300. Wala mnyama hasimami kama sanamu. Risasi hutumia karibu nusu sekunde kwenda mita hizo 300. Nyamera akiinua mguu wakati ule ule kifyatulio kinapovutwa, amekwisha kusogea kiasi cha nusu mita. Sehemu ya moyo na mapafu yake si kubwa kuliko sinia dogo. Basi risasi iliyoelekezwa moyoni yaingia tumboni. Darubini iliyofungwa juu ya bunduki humleta mnyama karibu na jicho, lakini haipunguzi hata mita moja ya safari ya risasi. Kwa maoni yangu darubini imewadanganya wawindaji wengi kuliko giza.

Bunduki ya kiwandani ina jambo moja zaidi. Mashine hulitengeneza kila tako la bunduki la namna moja sawasawa, lakini mikono ya watu na mabega yao si sawasawa, na mtutu mmoja hupenda risasi za namna hii, wa pili za namna ile. Kwa hiyo mwindaji mwenye akili hupiga shabaha ya karatasi kwanza, kwa risasi zile zile atakazotumia, naye hujua umbali ambao risasi zake zote huingia katika lile sinia. Umbali huo ndio mpaka wake, hata kama bunduki yake yaweza kuua mbali zaidi.

Je, risasi iliyokosa yaenda wapi? Ikipigwa kuelekea ukingo wa kilima, penye mbingu nyuma ya mnyama, yaweza kwenda zaidi ya kilometa 3. Pori halina ukuta. Nyuma ya kilima huenda wako wachungaji na ng'ombe, au wanawake waokotao kuni. Hii ndiyo sababu mwindaji hutafuta mnyama ambaye nyuma yake kuna udongo, ili ardhi iipokee risasi.

Katika Marekani ya magharibi zipo nchi kubwa za serikali ambamo raia aliyekata leseni huingia na bunduki yake mwenyewe akawinda. Kwetu sivyo. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna awindaye kabisa. Katika mapori ya akiba, kama Ikorongo na Grumeti yaliyotangazwa mwaka 1994, lazima kibali. Na mgeni ajaye kuwinda huenda pamoja na mwindaji mwenye leseni ya kazi hiyo, na askari wa wanyamapori.

Ikiwa nyati amejeruhiwa, haruhusiwi kuachwa. Wafuatao hungoja kwanza, kwa maana akifukuzwa mara moja huenda mbali. Kisha mfuata nyayo hutangulia akitazama chini: damu nyekundu yenye povu yatoka mapafuni, damu nyeusi iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa yatoka tumboni. Wa pili hatazami chini kamwe. Yeye hutazama mbele na kando, bunduki mkononi. Nyati wa namna hiyo mara nyingi huzunguka, akarudi karibu na njia yake mwenyewe, akasimama kimya kichakani upande ule upepo uendako, akiwangoja. Hapo umbali si mita 300 tena, ni mita 10, na wa kwanza kufika ni yule mfuata nyayo, ambaye hakupiga risasi yo yote.