Kabla ya kununua ploti, chimba shimo

Tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mishahara chini ya sheria ya 2024 hugharamia nyumba za serikali. Lakini wakazi wengi wa Kisumu hujijengea wenyewe, na hasara ikitokea ni yao.

Ploti za kuelekea uwanda wa Kano huvutia kwa bei. Udongo wake mweusi, unaowafaa wakulima wa mpunga kule Ahero, huwatesa wajenzi. Mvua ikinyesha hufyonza maji na kufura. Kiangazi kikija husinyaa na kupasuka. Msingi ulio juu yake huinuka na kushuka kila msimu, na nyufa huanzia kwenye pembe za madirisha na milango. Kupiga plasta upya ni kuficha tu.

Fundi aondoe udongo huo hadi afikie tabaka gumu, kisha ajaze mawe na maramu, akishindilia tabaka kwa tabaka. Ukiwa na kina kirefu, mwone mhandisi. Maji ya paa yaelekezwe mbali na ukuta. Matofali ya udongo na simiti yanayoshindiliwa kwa mashine hayachomwi, hivyo hayamalizi kuni, ila yatengenezwe kwa udongo mwekundu.

Jumlisha gharama ya msingi kwenye bei ya ploti kabla ya kulipa. Ujenzi wenyewe usianze bila kibali cha kaunti, kama inavyotakiwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019.