Mkono Nao ni Mtaji: Chapa Bila Kuumiza Kifundo

Leo tuache kidogo bei na matangazo, tuongelee mkono. Sisi wa mtandaoni oda, bei, maelekezo ya mzigo wa basi, vyote vinapita kwenye vidole. Mkono ukigoma, duka limefungwa hata kama bando lipo.

Iko hivi. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Humo zinapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kifundo kikipinda, juu au chini, njia inabana na mshipa unakandamizwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: kifundo kinyooke, kiwe mstari mmoja na mkono.

1. Kaunta nyingi, kama hizi zetu za Hale, ni za mtu aliyesimama. Ukikalia stuli fupi, viganja lazima vipinde. Ongeza mto mpaka viwiko vifike usawa wa kibodi. Miguu ikining'inia, weka kreti ya soda chini.

2. Vile vimiguu vya nyuma ya kibodi vikunje. Vinakupindisha kifundo.

3. Usikandamize kifundo kwenye ukingo wa kaunta wakati unachapa.

4. Kipanya kiwe jirani na kibodi, usikifuate mbali.

5. Punguza kuchapa kwenyewe. WhatsApp Business ina majibu ya haraka: unaandika bei na namna ya kulipia mara moja, unahifadhi, kisha unayaita kwa alama ya / na neno fupi.

6. Unayetumia simu, ishike mkono mmoja, chapa kwa kidole cha shahada cha mkono wa pili. Gumba lipumzike.

Dalili za kuangalia: ganzi kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, hasa usiku, au vitu kukuponyoka mkononi. Usiishie kuchua tu, wahi hospitali. Sisi wa Hale tuna Magunga pale Korogwe. Ukiwahi, mara nyingi kifaa cha kunyoosha kifundo unachovaa usiku kinasaidia. Ukichelewa, misuli ya gumba inaweza kunywea. Wajawazito na wenye kisukari muwe makini zaidi, ninyi inawapata kirahisi.

Haya, kiangalie kifundo chako sasa hivi. Kimepinda? Kinyooshe, halafu kajibu wateja.