Mhusika Mmoja, Fanani Wengi: Mjadala wa James Bond wa Daniel Craig

Utangulizi

Wahenga walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hiyo aghalabu husadifu katika mavazi, nyimbo na hata siasa, lakini huenda kombo inapomhusu shujaa ambaye hadhira imeishi naye miaka na mikaka. Hapo hutawala methali nyingine: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Jambo hili lilidhihirika tarehe 14 Oktoba 2005 jijini London, Daniel Craig alipotambulishwa kwa waandishi wa habari kuwa mwigizaji wa sita wa jasusi James Bond katika mfululizo rasmi wa filamu zake. Kabla hata ya filamu yenyewe kuanza kupigwa, mashabiki walikwisha kugawanyika. Wapo waliotangaza kuisusia, na wapo waliosihi kwamba mgema asihukumiwe kabla tembo lake halijaonjwa.

Makala haya yanauchunguza mjadala huo kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi. Hoja yake kuu ni kwamba waliompinga Craig kwa jina la uaminifu hawakuwa wakimpima kwa riwaya zilizomzaa Bond, bali kwa mapokeo ya waliomwigiza kabla yake. Kwa sababu hiyo, istilahi za fasihi simulizi, yaani fanani, hadhira na utendaji, huufafanua mgogoro huu kwa kina zaidi kuliko mazoea ya kuilinganisha filamu na kitabu chake peke yake.

Shujaa mmoja, nyuso sita

James Bond alizaliwa katika riwaya ya Casino Royale ya Ian Fleming, iliyochapishwa nchini Uingereza mwaka 1953. Fleming alikuwa amehudumu katika idara ya ujasusi ya jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alipofariki mwaka 1964 aliacha riwaya 12 na mikusanyiko 2 ya hadithi fupi kuhusu jasusi huyo.

Mfululizo wa filamu ulianza mwaka 1962 kwa Dr. No, Sean Connery akiwa Bond. George Lazenby aliushika uhusika huo mara moja tu, mwaka 1969, kisha Connery akarejea mwaka 1971. Roger Moore aliigiza filamu 7 kati ya 1973 na 1985, Timothy Dalton 2, za 1987 na 1989, na Pierce Brosnan 4, kati ya 1995 na 2002. Kila mmoja alikuja na lake. Connery alileta ukali uliofichwa ndani ya suti nadhifu. Moore alileta kejeli na mzaha. Dalton alileta uchungu wa mtu aliyechoshwa na kuua. Brosnan naye alijaribu kuyachanganya yote hayo katika chungu kimoja.

Inafaa kukumbuka kwamba Fleming mwenyewe hakuridhishwa na uteuzi wa Connery hapo mwanzoni. Hata hivyo, katika riwaya ya You Only Live Twice ya mwaka 1964 alimpa Bond baba Mskoti, na wahakiki wengi huona humo athari ya Connery, mzaliwa wa Edinburgh. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mwigizaji alimrudia mtunzi na kuuongoza mkono wake. Mipaka kati ya maandishi na utendaji ilikuwa imeanza kufifia tangu mapema.

Tuhuma dhidi ya Craig

Tuhuma za mwaka 2005 zinaweza kuwekwa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza lilihusu umbo: Craig alikuwa na nywele za rangi ya dhahabu na kimo kifupi kuliko cha watangulizi wake. La pili lilihusu haiba: ilidaiwa kwamba uso wake ulikuwa wa mhalifu anayepigwa na Bond, si wa Bond mwenyewe. La tatu lilihusu staha. Siku ya kutambulishwa aliletwa kwa mashua ya kasi juu ya mto Thames akiwa amevaa jaketi la kuokolea maisha, na magazeti ya Uingereza hayakumwachia kwa kejeli. Shujaa asiyeogopa papa wala risasi, walicheka, ataogopaje maji ya mto?

Waliomtetea walisema kwamba Craig alikuwa amefunzwa sanaa ya jukwaa katika chuo cha Guildhall jijini London, na kwamba kazi ya mwigizaji ni kuingia katika nafsi ya mhusika, si kufanana naye kwa unywele. Walikumbusha pia kwamba nywele za Roger Moore hazikuwa nyeusi, na hakuna aliyemnyima uhusika kwa sababu hiyo.

Kipimo cha uaminifu

Pande zote mbili zililitumia neno uaminifu. Swali la kimsingi ni hili: uaminifu kwa matini ipi?

Katika riwaya ya From Russia, with Love ya mwaka 1957, majasusi wa Kisovieti wanasoma faili la Bond. Humo anaelezwa kuwa na kimo cha sentimita 183, nywele nyeusi, macho ya buluu na kovu katika shavu la kulia. Waliodai nywele nyeusi, basi, walikuwa na ushahidi wa maandishi, na haki yao wapewe. Lakini msomaji makini ataona pengo. Kovu lile limeandikwa katika faili lilelile zilimoandikwa nywele, na bado halikuwa sharti walilowekewa waigizaji wa Bond. Macho ya Connery yalikuwa ya kahawia, naye akahesabiwa na wengi kuwa Bond kamili. Craig aliyekataliwa ndiye aliyekuwa na macho ya buluu. Ni dhahiri kwamba hadhira ilikuwa imechagua alama za kuzingatia na za kusahau, na mchaguzi hakuwa Fleming bali miaka zaidi ya 40 ya filamu.

Kinaya kilikomaa filamu ya Casino Royale, iliyoongozwa na Martin Campbell, ilipoonyeshwa Novemba 2006. Mabadiliko yalikuwemo: mchezo wa karata uitwao bakara katika riwaya uligeuzwa kuwa poka, na Vesper Lynd, anayejiua kwa dawa za usingizi katika riwaya, katika filamu anazama majini huko Venice. Hata hivyo, uti wa mgongo wa kisa ulibaki wa Fleming. Bond anateswa akiwa uchi juu ya kiti kisicho na makalio, anampenda Vesper hadi kuwa tayari kuiacha kazi, anasalitiwa, na usaliti huo unaufanya moyo wake kuwa jiwe. Aliyeshtakiwa kwa kukiuka asili ndiye aliyeirudia asili.

Uigizaji wa Craig uliyabeba haya kwa mwili kabla ya maneno. Katika mandhari ya Madagaska, anayefukuzwa anapenya kwenye uwazi mwembamba kwa wepesi wa paka. Bond anayemfuata anaupasua ukuta kwa kifua chake. Baadaye, baada ya mapigano ya kuua kwenye ngazi za hoteli, anamkuta Vesper ameketi bafuni chini ya maji, nguo zikiwa mwilini, naye anaketi kando yake bila mzaha. Bond huyu huvuja damu, na damu hiyo huonekana shatini.

Upeo wa matarajio

Ikiwa Bond mkali na mwenye majeraha alikuwamo vitabuni, mbona Dalton, aliyeijaribu njia hiyohiyo, hakupokelewa kwa shangwe sawa? Hapa nadharia ya upokezi inafaa. Hans Robert Jauss, mhakiki wa Kijerumani, alifundisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba kila hadhira huikabili kazi ya sanaa ikiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi ilizokwisha kuzipokea. Mwaka 1987 hadhira ya Dalton ilikuwa imetoka moja kwa moja katika miaka 12 ya mzaha wa Moore. Mwaka 2006 hali ilikuwa nyingine. Die Another Day ya mwaka 2002 ilikuwa imempa Bond gari lisiloonekana kwa macho, na wengi waliona chumvi imezidi mchuzi. Mwaka huohuo The Bourne Identity ilikuwa imewaonyesha watazamaji jasusi anayepigana kwa ngumi na kalamu ya wino, bila madoido. Upeo ulikuwa umesogea. Craig alibisha hodi kwenye mlango uliokwisha kuachwa wazi nusu, ijapokuwa waliokuwa ndani walidhani wameukomea.

Fanani mbele ya hadhira

Albert Lord, katika kitabu chake The Singer of Tales cha mwaka 1960, alionyesha kwamba katika tendi simulizi za Yugoslavia ya wakati huo kila uimbaji ulikuwa utungaji upya, ingawa mwimbaji aliapa kwamba ameuimba wimbo uleule. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Fumo Liyongo amesimuliwa na wengi, kwa mdomo na kwa maandishi, ukiwemo utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Fanani mmoja anaweza kuirefusha sehemu ya kutoroka gerezani ngoma ikirindima, na mwingine akaifupisha. Lakini hakuna fanani anayeweza kumponya Liyongo na sindano ya shaba kitovuni, wala kumtoa mwanawe katika usaliti. Akifanya hivyo, hadhira itamwuliza anamsimulia nani.

Mhusika wa kimapokeo, basi, ana kiini na ana sura. Sura ni mali ya fanani. Kiini hulindwa na hadhira. Ubishi huzuka pale mpaka kati ya viwili hivyo usipojulikana, na njia ya kuujua ni kuujaribu katika utendaji. Casino Royale ilifanya jaribio hilo kwa ujanja. Kama vile fanani wa ngano anavyodaiwa "Paukwa!" ili hadhira iitike "Pakawa!", Bond hudaiwa fomula zake: kujitaja jina, kinywaji chake, muziki wake. Filamu ilizizuia. Bond anapoulizwa jinsi anavyotaka kinywaji kitayarishwe, anajibu kwamba hajali. Jina anajitaja kwa namna ile maarufu mwishoni kabisa, na muziki unarindima wakati huohuo. Hadhira iliyokatazwa "Paukwa" tangu mwanzo iliipokea mwishoni kwa kiu maradufu. Filamu ilichuma takriban dola milioni 600 duniani, na Craig akateuliwa kuwania tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora. Nywele zilikuwa sura tu.

Jaribio zito zaidi lilikuja katika filamu ya tano na ya mwisho ya Craig, No Time to Die ya mwaka 2021, ambamo Bond anakufa. Hapa Bond na Liyongo wanasimama pande zinazokabiliana: Liyongo sharti afe ili awe Liyongo, ilhali Bond alikuwa sharti asife. Kifo hicho kiliugusa mpaka wenyewe wa kiini, na mashabiki wakagawanyika tena. Watayarishaji walifahamu uzito wa jambo lile, kwani mwishoni mwa filamu iliandikwa ahadi kwamba James Bond atarejea.

Yasiyobishaniwa

Uhakiki hauishii kwa yaliyobishaniwa. Mapema katika Casino Royale mtazamaji anapelekwa Mbale, Uganda, ambako kiongozi wa waasi anamkabidhi Le Chiffre fedha zake. Mbale ya filamu ni kambi ya bunduki chini ya mvua. Kisha huko Madagaska Bond anavamia ubalozi wa nchi ya kubuni ya Nambutu na kumpiga risasi mtu asiye na silaha. Bosi wake, M, anamkaripia hasa kwa fedheha ya magazetini. Wakati nywele na kimo cha jasusi vikipimwa kwa rula, suala la haki ya jasusi huyo kuingia kokote kwa jina la Malkia halikutikisa ubishi mkuu. Hapo ndipo kiini kigumu zaidi kilipo: mwigizaji alibadilika, utumishi kwa dola haukubadilika. Msomaji wa riwaya za Kiswahili atakumbuka kwamba Elvis Musiba alimuumba Willy Gamba akiwa jasusi anayeipigania Afrika na ukombozi wake. Musiba aliuchukua utanzu, akakataa kiini.

Hitimisho

Mwanafunzi anayehakiki shujaa aliyeigizwa au kusimuliwa na wengi anashauriwa kupitia hatua tatu. Kwanza, abainishe matini inayotumiwa kama kipimo, maana neno "asili" huficha asili nyingi. Pili, atenganishe sura na kiini kwa kuuliza ni sifa ipi ikiondolewa hadhira haitamtambua tena mhusika. Tatu, atafute kile ambacho pande zote mbili zimekikubali bila kukitamka, kwa kuwa aghalabu itikadi hujificha humo.

Craig alipoondoka, swali lilelile lilirudi: nani atamvaa Bond? Mnamo mwaka 2025 udhibiti wa ubunifu wa filamu hizo ulitoka mikononi mwa familia ya Broccoli, iliyokuwa nao tangu enzi za Dr. No, na kuingia kwa kampuni ya Amazon MGM. Kisheria shujaa ana mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadilika kwa mkataba. Lakini mjadala wa 2005 umeonyesha kwamba hadhira nayo hudai fungu lake, na hulidai kwa sauti kubwa zaidi pale fanani mpya anaposimama kabla hata hajafungua kinywa. Haki ya hadhira ni kuuliza. Wajibu wake ni kusikiliza kwanza.